Kuingia kwa Jinai: Uchunguzi wa Istilahi Moja ya Sheria

Istilahi "kuingia kwa jinai" ni fupi, nayo yasikika nyepesi. Kuingia ni tendo la kila siku: mtoto huingia ndani, mvua ikinyesha wapita njia huingia barazani, na mgeni akikaribishwa huingia. Neno "jinai" ndilo lilitoalo tendo hilo katika mambo ya kawaida na kulitia katika mambo ya hukumu. Lakini istilahi yenyewe haisemi ni kitu gani kinachoufanya uingiaji kuwa kosa. Watu wengi, na miongoni mwao wamo wafasiri stadi, huijaza nafasi hiyo kwa maneno "bila ruhusa," wakidhani ya kuwa jambo limekwisha. Kusudi la makala hii ni kuonyesha ya kuwa halijaisha. Kwamba sheria ya Tanzania yataka zaidi ya kukosekana kwa ruhusa, na kwamba istilahi ikifasiriwa vibaya yaweza kumtia gerezani asiye na hatia, au kumwacha mkosaji ajiendee zake.

Jambo hili limezidi uzito tangu zama za Waingereza kupita na mambo mengi kugeuka. Katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania, ambako kesi za namna hii aghalabu huanzia, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963. Mnamo 2021 Bunge lilirekebisha kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria zenyewe na ya mahakama kwa jumla, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi yake pale haki inapokihitaji. Zamani neno la Kiswahili lilikuwa kivuli cha neno la Kiingereza, na hakimu mwenye shaka aliweza kurudi kwenye asili. Sasa neno la Kiswahili linatakiwa lisimame kwa miguu yake, na kosa la mfasiri laweza kuwa kosa la hukumu.

Yafaa kwanza kujua kosa hili lilikotoka. Neno la Kiingereza "trespass" lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ilikuwa kuvuka au kupita mpaka. Waingereza walilitumia kwa dhambi, kwa dhara afanyiwalo mtu mwilini, na kwa kuingia katika ardhi ya mwingine. Huko kwao kuingia tu katika ardhi ya mtu, bila jambo jingine, kwa desturi hakukuwa jinai; lilikuwa jambo la madai, nalo humalizwa kwa fidia au kwa amri ya kumzuia mkosaji. Bunge la Uingereza limeongeza makosa ya jinai ya namna hii kidogo kidogo, mathalan mwaka 2012 lilipofanya kuwa kosa kukaa katika nyumba ya kuishi ambayo mtu ameiingia kinyume cha sheria. Lakini kanuni ya jumla ilibaki vile vile.

Kosa la jinai lenye jina hili halikuja Afrika ya Mashariki moja kwa moja kutoka Uingereza, bali kwa njia ya India. Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo rasimu yake ilitungwa na tume iliyoongozwa na Macaulay mwaka 1837, ikapitishwa mwaka 1860, ilieleza "criminal trespass" kuwa ni kosa la peke yake. Kanuni hiyo ilitumika pia katika nchi za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata kanuni mpya, zilizofuata mfano wa Queensland, Australia, kwa kupitia Nigeria. Hata hivyo, katika kifungu hiki maneno ya India yalibaki karibu yote. India yenyewe iliiacha kanuni yake ya 1860 mwaka 2024 na kuweka nyingine. Lakini kizazi chake katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ndicho kilichojulikana kwa miaka mingi na mawakili na polisi kama kifungu cha 299.

Kifungu hicho, kikisemwa kwa maneno mepesi, kina sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu aingiaye kinyume cha sheria katika mali iliyoshikwa na mwingine, naye ana nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtweza au kumuudhi aishikaye mali hiyo. Ya pili ni ya mtu aliyeingia kwa haki, kisha akakaa humo kinyume cha sheria kwa nia kama hizo. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi 3. Na ikiwa mahali penyewe ni jengo, hema au chombo cha majini kinachokaliwa na watu, au nyumba ya ibada, au ghala ya kuwekea mali, kifungo chaweza kufika mwaka 1. Basi nguzo za kosa ni tatu: mali iwe imeshikwa na mwingine, kuingia au kubaki kuwe kinyume cha sheria, na nia iwe mojawapo ya zile zilizotajwa. Nguzo moja ikianguka, kosa lote huanguka. Maneno "kuingia bila ruhusa" yachukua nguzo moja tu, tena si yote.

Kabla ya kuzichunguza nguzo hizo, yafaa kuyapima maneno mengine ambayo yangeweza kuchaguliwa mahali pa "kuingia." La kwanza ni "kuingilia." Kitenzi "ingia" zamani kilikuwa na sauti l katikati ya mwisho wake, kama ionyeshavyo lugha za jirani: Waganda husema "yingira," na Wanyarwanda "injira," sauti r yao ikiwa pale ambapo Kiswahili kimeidondosha, kama ilivyodondoka katika "njaa." Katika "ingilia" sauti hiyo hurudi, na kiambishi cha kutendea huleta maana ya kuingia mahali au katika jambo kwa kumhusu mtu. Kwa hiyo mtu huingilia mazungumzo, huingilia mambo ya wenzake, na mpatanishi huingilia kati. Neno hili lina sifa moja njema, yaani husikika humo ndani yake kwamba yupo mtu aliyeguswa. Lakini lina kizuizi kikubwa: lugha ya mahakama imekwisha litumia neno "kumwingilia" kwa tendo la kujamiiana, nalo lina makosa yake mazito. Istilahi moja haiwezi kubeba makosa mawili yaliyo mbali namna hiyo.

La pili ni "kuvamia." Magazeti hulipenda, nayo husema wavamizi wa viwanja na wavamizi wa hifadhi. Lakini kuvamia ni kuangukia kwa nguvu, kwa ghafula, au kwa wingi wa watu. Mtu anyemeleaye peke yake usiku, akasimama uani kimya ili mjane aliye ndani aingiwe na hofu, hakuvamia. Naye ametenda kosa hili barabara. Tena mtu akiitwa mvamizi kabla ya kusikilizwa, neno lenyewe limekwisha mhukumu.

La tatu ni "kuvunja." Hili ni la kosa jingine, kubwa zaidi, la kuvunja nyumba na kuingia ili kutenda kosa. Hapo nako sheria imelipa neno maana isiyo ya kila siku. Katika Kanuni ya Adhabu mtu husemwa amevunja jengo hata akiufungua kwa ufunguo, kuuvuta, kuusukuma au kuuinua mlango au dirisha lililofungwa, pasipo kitu chochote kuvunjika. Vile vile husemwa ameingia sehemu yoyote ya mwili wake, au ya chombo anachokitumia, ikiwa ndani. Mkono uliopenya dirishani umemwingiza mwenye mkono. Mfano huu waonyesha ya kuwa sheria huchukua maneno ya watu na kuyapa mipaka yake. Kazi ya mwanaisimu si kuikataza, bali kuhakikisha mipaka hiyo yaonekana.

Basi "kuingia" ndilo neno lifaalo, kwa kuwa halina rangi. Lakini nguzo zilizobaki zataka uangalifu, na ya kwanza ni mali. Kwa Kiswahili mali ni vitu na utajiri. Mtu ana mali, huhesabu mali, huacha mali. Haingii katika mali. Wala wafasiri wasiige maneno ya Kiingereza yasemayo kuingia "ndani ya au juu ya" mali, kwa sababu hakuna Mswahili aingiaye juu ya shamba. Lugha ina njia yake iliyo bora, nayo ni ngeli za mahali: nyumbani mwa mtu, shambani pa mtu, kwa mtu. Kwa hiyo "mahali" ni neno sahihi zaidi katika kosa hili kuliko "mali," nalo laingiza nyumba, uwanja, shamba na hata jahazi.

Jambo la pili katika nguzo hiyo ni lenye madhara zaidi. Sheria hailindi hapa mwenye mali kwa kuwa ni mwenyewe, bali yule aishikaye. Kutofautisha mambo haya mawili kwa Kiswahili ni kazi. Neno "milki" lilitoka katika Kiarabu, na katika elimu ya fikihi lina maana ya haki ya kuwa mwenyewe. Katika Kiswahili "kumiliki" ni kuwa na kitu kuwa chako, hata kukitawala. Mfasiri akiandika "mali inayomilikiwa na mtu mwingine," au kwa ufupi "mali ya mtu mwingine," msikilizaji ataelewa kwamba anayelindwa ni mwenye hati.

Mathalan mtu amepanga chumba, na kodi yake ya mwezi imechelewa. Mwenye nyumba aja jioni, aingia chumbani pasipo haki ya kufanya hivyo wakati huo, ang'oa mlango na kukaa kitandani, akisema hatoki mpaka mpangaji amehama. Kama kosa ni kuingia katika mali ya mwingine, mwenye nyumba ana jibu lililo tayari: nyumba ni yangu. Na hakimu asomaye Kiswahili peke yake aweza kumkubalia. Lakini chumba kimo mikononi mwa mpangaji, na nia ya kumtisha iko wazi. Kwa hiyo mwenye nyumba aweza kutiwa hatiani kwa kuingia katika nyumba aliyoijenga kwa fedha zake. Tafsiri mbaya ya neno moja yamnyang'anya mpangaji kinga ambayo sheria ilimpa.

Kiswahili hakikosi neno la kulitenga jambo hili. Mafakihi wa Kiislamu hutofautisha milki na "yad," yaani mkono. Kitu kikiwa mkononi mwa mtu, ameshika, awe mwenyewe au asiwe. Waswahili nao husema shamba li mikononi mwa fulani, hali wakijua mwenye shamba ni mwingine. Usemi huo ni wa kale, waeleweka mjini na vijijini, nao huchukua maana ya sheria pasipo kuipunguza.

Nguzo ya mwisho ni nia, na hapa ndipo kosa hili linapotengana na madai. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo jirani, ambayo yakichanganywa huharibu hukumu. "Aliingia kwa makusudi" maana yake ni kwamba hakupotea njia wala hakusukumwa, alijua aingia. "Aliingia kwa nia ya kuudhi" ni jambo jingine. Mchungaji aliyeona mto ng'ambo ya shamba, akakata njia na ng'ombe wake ili wanywe maji, aliingia kwa makusudi kabisa. Huenda akadaiwa fidia ya mahindi yaliyokanyagwa. Lakini kama hakukusudia kutenda kosa, wala kumtisha, kumtweza au kumuudhi mtu, nguzo ya tatu haipo. Kwamba mwenye shamba aliudhika si hoja. Wengi huudhika pasipo aliyetaka waudhike. Kosa limo katika nia ya aingiaye, si katika hasira za aliyeingiliwa.

Maneno ya nia zenyewe yataka kuchaguliwa vema. Kutisha na kuudhi hayana taabu kubwa. Lakini neno la Kiingereza "insult" likifasiriwa "kutukana," kosa litafungwa katika maneno ya kinywa, kwa kuwa Mswahili hutukana kwa ulimi. Mtu aweza kumdhalilisha mwenzake pasipo kutamka lolote, kwa kuingia na viatu vyenye matope hata mahali pa kuswalia, au kwa kupita moja kwa moja hata vyumba vya ndani vya wanawake. Usemi "kumvunjia heshima" ndio uenezao maana hiyo yote.

Na hapa desturi ya lugha yaweza kusaidia kuliko kamusi. Mwenendo wa hodi na karibu wajulikana popote Kiswahili kisemwapo. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yaliingia sana katika adabu za pwani, Sura ya 24 ya Kurani yaamuru watu waombe idhini na kusalimu kabla ya kuingia nyumba zisizo zao, na mapokeo ya Mtume yaeleza kwamba mtu aombe mara tatu, asipopewa idhini arudi. Tena nyumba ya pwani haina mpaka mmoja. Baraza ni ya wapita njia. Mtu huketi pasipo kuuliza. Ukumbi ni wa mgeni aliyekaribishwa. Ndani ni kwa wenyewe. Kwa hiyo karibu ya barazani si karibu ya ndani, na ruhusa ina mahali pake, ina wakati wake, na ina sababu yake. Fundi aliyeitwa kutengeneza paa hakuitwa kufungua makabati.

Wajerumani wana kosa lililo jirani na hili, waliloliita Hausfriedensbruch, yaani kuvunja amani ya nyumba. Nalo humpata pia yule aliyeambiwa atoke asitoke. Jina hilo limeitazama nyumba kutoka ndani, palipo na mtu akaaye kwa amani, hali jina la Kiingereza limeutazama mpaka unaovukwa. Mswahili apigaye hodi yu karibu zaidi na jina la Kijerumani, maana hodi haiombi ruhusa ya kukanyaga sakafu, bali huiheshimu amani ya walio ndani. Hiyo ndiyo sababu sura ya pili ya kosa, yaani kubaki, haimshangazi mtu yeyote aliyekulia katika adabu hii. Mgeni aliyekaribishwa kwa haki, akaambiwa aondoke, akang'ang'ania ili kumtisha mwenyeji, ameingia kwa mara ya pili pasipo kuinua mguu. Istilahi "kuingia" haiwezi kulionyesha hilo. Maelezo ya kifungu lazima yaliseme.

Isidhaniwe kwamba kila nchi isemayo Kiswahili ina kanuni moja. Kenya, pamoja na Kanuni yake ya Adhabu, ina Sheria ya kuingia katika ardhi ya watu binafsi, Sura ya 294, iliyotungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Katika sheria hiyo mtu huwa na hatia akiingia, akibaki, akijenga, akilima au akilisha mifugo katika ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya aikaliaye na bila sababu ya maana. Na ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha idhini au sababu hiyo. Nia ya kuudhi haitakiwi. Kwa sheria hiyo maneno "kuingia bila idhini" yafaa kabisa, na mchungaji wa mfano uliotangulia angekuwa katika hatari. Neno lifaalo Nairobi laweza basi kupotosha Dodoma, ijapokuwa wote wasema Kiswahili sanifu kimoja. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni sheria ipi anayoifasiri.

Madhara ya kuchanganya mambo haya yaonekana zaidi katika magomvi ya ardhi. Ndugu wawili hugombea shamba la marehemu baba yao. Mmoja hulima, mwingine humshtaki kwa kuingia kwa jinai, akitumaini polisi watampa haraka kile ambacho baraza la ardhi lingechukua muda kukiamua. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kinga kwa mtu atendaye jambo juu ya mali kwa kudai haki yake kwa moyo mnyofu pasipo nia ya kudanganya. Nayo Mahakama Kuu ya Tanzania, katika maamuzi yaliyochapwa katika ripoti za sheria za 1991 na 1992, ilieleza kwamba shtaka la namna hii haliwezi kusimama hali mzozo wa nani mwenye ardhi haujaamuliwa kwa njia ya madai. Maana yake ni dhahiri kwa yeyote aliyezishika nguzo tatu: aaminiye kwa kweli kwamba shamba ni lake haingii ili kuudhi, bali huingia ili kulima. Lakini kwa yule aliyefundishwa kwamba kosa ni "kuingia bila ruhusa," maamuzi hayo yataonekana kama upendeleo, na hakimu asiyeyakumbuka atamfunga mkulima miezi 3 katika msimu wa mvua.

Kwa hayo yote, istilahi "kuingia kwa jinai" yastahili kubaki kuwa jina la kosa, kwa kuwa ni fupi, imezoeleka, na haijaegemea upande wowote. Lakini jina lisiachwe lijieleze. Maelezo yake yangeweza kuandikwa hivi: Mtu aingiaye kinyume cha sheria mahali palipo mikononi mwa mtu mwingine, kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumvunjia heshima au kumuudhi aliyepashika mahali hapo, au mtu aliyeingia mahali hapo kwa haki, kisha akabaki kinyume cha sheria kwa nia mojawapo ya hizo, ana hatia ya kuingia kwa jinai. Hakuna humo neno ambalo mzee wa baraza asiyesoma sheria hatalielewa akisomewa mara moja. Mpangaji atajiona ndani yake, mchungaji ataona mlango wake wa kutokea, na hakimu atajua maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuuliza la nne, yaani adhabu.